Breve imekwisha, mbona sindano bado ghali?

Mwaka 2016 nilimdanganya mzee mmoja bila kukusudia. Deni hilo nimelilipa kwa kusoma sheria ambazo hakuna aliyetufundisha tulipokuwa tukisomea ufamasia.

Mzee mwenyewe ni mstaafu wa migodi, anakaa Katuba. Baridi yabisi imemkamata vidole mpaka vifungo vya shati anafungiwa na mjukuu. Daktari wake alimwandikia sindano ya adalimumab kwenye ordonansi, akamwambia aulize bei. Binti yake aliye Ubelgiji aliuliza bei ya huko, halafu akanyamaza siku mbili nzima. Ndipo mzee akaja kwenye kaunta yangu hapa Lubumbashi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Wiki ileile nilikuwa nimesoma kwamba breve kuu ya dawa hiyo huko Marekani, yaani haki ya kampuni kuitengeneza na kuiuza peke yake, inakwisha tarehe 31 Desemba 2016. Nikamwambia kwa kifua kabisa: "Papa, vumilia kidogo. Mwaka ujao breve inaanguka, na bei itaanguka nayo."

Januari akarudi. "Dokta, ile breve ilishaisha?" Ndiyo, Papa. "Na bei?" Bei ilikuwa palepale. Mwaka uliofuata vilevile. Mara ya tatu hakuuliza kitu. Aliegemea kioo cha kaunta, akasema tu, "Weye unasemaka vile kila mwaka."

Breve ndiyo ile ambayo Kiswahili cha vitabuni kinaiita hataza. Nitatumia breve, kwa kuwa ndilo neno ninaloulizwa nalo, na swali ninaloulizwa huwa moja tu: inaisha lini? Swali hilo linadhani kuna tarehe moja. Nami nilidhani hivyo.

Tuanze na dawa yenyewe, maana bila kuielewa mengine yote yataonekana kuwa ujanja wa mawakili tu. Aspirini ni atomu 21 zilizopangwa kwa namna moja. Kiwanda chochote chenye wakemia wazuri kikizipanga hivyo kimepata aspirini, na hakuna atakayetofautisha ya huyu na ya yule. Hiyo ndiyo jenerike. Adalimumab ni protini yenye atomu zaidi ya 20,000, na hakuna mkemia anayezipanga kwa mkono. Inatengenezwa na seli hai, ukoo wa seli zilizochukuliwa zamani kwenye ovari ya hamsta, zinazofugwa ndani ya mapipa ya chuma na kulishwa sukari na hewa kwa vipimo.

Sasa wape mama wawili wa komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, unga uleule wa mahindi, mizizi ileile na maji ya bomba moja, uwaambie wapike munkoyo, kinywaji chetu. Munkoyo wa huyu hautakuwa wa yule. Na hata kwa mama mmoja, wa Jumatatu hautakuwa sawasawa na wa Alhamisi. Lakini yote ni munkoyo, na kiu inakwisha vilevile. Dawa za kibiolojia ziko hivyo. Hata kiwanda kilichoivumbua dawa hakitoi kitu kilekile kabisa kila toleo. Kinachotakiwa ni tofauti zibaki ndani ya mipaka iliyokubaliwa. Kwa hiyo anayeiiga haleti jenerike, analeta biosimilari: ndugu wa tumbo moja, si pacha. Undugu huo ni lazima authibitishe kwa vipimo vya maabara na mara nyingi kwa wagonjwa pia. Kazi hiyo hula miaka 7 au 8 na zaidi ya dola milioni 100. Jenerike ya kidonge haili hata sehemu ndogo ya hiyo. Ndiyo maana mlango ukifunguliwa hawaingii watu hamsini wakagombania bei. Wanaingia watatu, wanne, wenye mifuko mizito.

Na mlango wenyewe una kufuli mbili. Zimetengenezwa na mafundi tofauti, ila magazeti yanaziita zote breve.

Ya kwanza ndiyo breve halisi, inayotolewa na ofisi ya mali ya viwanda. Inadumu miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa, si tangu siku dawa ilipofika famasi. Saa yake inaanza kugonga dawa ikiwa bado kwenye chupa za maabara, na majaribio yanaweza kula miaka kumi ya hiyo ishirini. Breve inakataza kutengeneza na kuuza. Lakini inaweza kushambuliwa: mshindani akienda mahakamani na kuonyesha kwamba uvumbuzi haukuwa mpya, breve inafutwa.

Ya pili inatokana na sheria za mamlaka ya dawa, na ndiyo inayosahauliwa. Tuiite ulinzi wa data, yaani matokeo ya majaribio ya dawa. Saa yake inaanza siku dawa inaporuhusiwa kuuzwa. Marekani, kwa sheria iliyotiwa saini 23 Machi 2010, dawa ya kibiolojia inapewa miaka 12, na katika 4 ya kwanza ombi la biosimilari hata halipokelewi. Molekuli mpya ya kemikali inapewa 5 tu. Ulaya wanahesabu 8, kisha 2, kisha 1: miaka 8 hakuna kuleta ombi linaloegemea faili la majaribio la mwenzio, miaka 2 zaidi hakuna kuuza, na mwaka mmoja wa nyongeza kama mwenye dawa amepata matumizi mapya yenye manufaa makubwa.

Kufuli hii ya pili haikatazi kutengeneza. Inakataza kunakili daftari. Ukitaka kufanya mtihani wote mwenyewe, na majaribio yako yote tangu mwanzo, hakuna wa kukuzuia. Kampuni ya Teva walifanya hivyo na dawa yao ya filgrastim iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2012, wakaingia na faili kamili, si kama biosimilari. Ila kufuli hii haina mahakama ya kuifungulia mapema. Breve unaweza kuipiga nyundo. Ulinzi wa data unausubiri tu, kama mvua ya Novemba.

Kuna jambo moja ambalo wengi wanalikosea, hata wenzangu wa taaluma: ile miaka 12 ya Marekani haianzi upya kwa sababu kampuni imebadilisha kalamu ya sindano au kipimo cha dozi. Sheria imelizuia hilo wazi. Breve mpya ndizo zinazoanza upya, kwa sababu kila badiliko linaweza kuombewa breve yake. Msitu unaota upande huo.

Turudi kwa dawa ya mzee wangu, Humira kwa jina la biashara. Iliruhusiwa Marekani 31 Desemba 2002. Hesabu miaka 12: ulinzi wa data ulikwisha mwishoni mwa 2014. Breve kuu ilikwisha mwishoni mwa 2016, ile niliyoisoma mimi. Biosimilari ya kampuni ya Amgen iliruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani Septemba 2016. Kufuli mbili wazi, mshindani ana karatasi mkononi. Na bado sindano ya kwanza ya mshindani ilifika sokoni 31 Januari 2023.

Miaka sita hiyo imejengwa na msitu. AbbVie, mwenye dawa, alikuwa na breve zaidi ya 130 Marekani, nyingi zikiombwa baada ya dawa kuwa tayari sokoni: breve ya namna ya kuichanganya, ya dozi ya ugonjwa huu, ya dozi ya ugonjwa ule, ya jinsi ya kulisha seli. Kila moja peke yake huenda ni dhaifu. Lakini kuzing'oa mahakamani moja baada ya moja ni kazi ya miaka na ya mamilioni, kwa hiyo washindani walikaa mezani, wakakubaliana tarehe, wakalipa ada ya leseni. Mwaka 2022, wa mwisho kabla ya ushindani huo, dawa hii iliingiza zaidi ya dola bilioni 21 duniani. Ukiona namba hiyo, unaelewa kwa nini mawakili hawalali.

Ulaya dawa ileile, kampuni ileile, hadithi nyingine. Huko breve kuu ilirefushwa kwa cheti cha nyongeza, ambacho kinafidia miaka iliyopotea kwenye majaribio, kisha ikaongezewa miezi sita kwa sababu ya utafiti wa watoto. Ikakwisha 16 Oktoba 2018. Biosimilari zikaingia mwezi uleule, na kwenye baadhi ya zabuni za nchi za Nordiki mwenye dawa mwenyewe alipunguza bei kwa hadi asilimia 80 ili asipoteze soko.

Etanercept, sindano nyingine ya baridi yabisi, ni kichekesho zaidi. Iliruhusiwa Marekani 1998. Ulaya biosimilari yake ilipata ruhusa Januari 2016. Marekani biosimilari zimeruhusiwa tangu 2016 lakini zimekaa kabatini, na zitakaa mpaka 2029, kwa sababu ya breve mbili zilizoombwa kabla ya Juni 1995, enzi ambazo Marekani walihesabu miaka 17 tangu siku breve ilipotolewa. Hizo zikatolewa 2011 na 2012. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma kufuli moja nikaacha nyingine na msitu wote. Lakini kosa kubwa lilikuwa la ramani.

Kongo ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1997, na imo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Novemba 2015 shirika hilo liliamua kwamba nchi za orodha hiyo hazilazimiki kulinda breve za dawa, wala data za majaribio ya dawa, mpaka 1 Januari 2033. Kufuli zote mbili, basi. Haimaanishi kwamba breve haziwezi kuombwa Kinshasa. Sheria yetu ya mali ya viwanda ya 7 Januari 1982 ipo. Inamaanisha kwamba nchi haifungwi mikono. Na hatumo katika OAPI, ofisi ya pamoja ya breve ya nchi nyingi za Afrika zinazosema Kifaransa, wala ARIPO, ile ya majirani zetu kama Zambia, kwa hiyo breve iliyotolewa kwenye makao yao, Yaoundé au Harare, haifiki hapa. Katika miaka yangu yote kwenye kaunta sijakutana na mgonjwa hata mmoja aliyenyimwa sindano na breve ya Kinshasa.

Uhuru huo ni mzuri, ila hatuna kiwanda cha kuutumia. Hakuna mapipa ya seli za hamsta Likasi wala Kolwezi. Tunanunua kilichotengenezwa kwa wengine, na kufuli inayotuhusu ni ya pale kiwanda kilipo. Siku nilipolielewa hili niliona haya, kwa sababu nilienda kutafuta tarehe ya India nikakuta hivi: kampuni ya Zydus ya Ahmedabad ilianza kuuza biosimilari ya adalimumab Desemba 2014, kwa takriban dola 200 sindano, wakati Marekani ilikuwa karibu dola 1,000. Desemba 2014! Nilimwambia mzee avumilie mwaka 2016. Nilikuwa nikimsubirisha mbele ya mlango wa Marekani wakati mlango wa Ahmedabad ulikuwa wazi miaka miwili. Nami kila mwezi naagiza paracetamol, antibiotiki na dripu kutoka India.

Sheria moja ya Ulaya inastahili kujulikana na kila mwagizaji wa hapa. Tangu 1 Julai 2019, kiwanda kilichoko ndani ya Umoja wa Ulaya kinaweza, kwa masharti, kutengeneza dawa ambayo bado iko chini ya cheti cha nyongeza, mradi iuzwe nje ya Umoja, katika nchi ambayo haina ulinzi huo au ambako umekwisha. Vyeti vilivyokuwa tayari vinafanya kazi wakati huo viliachwa nje, lakini vipya vinaguswa. Yaani Mbelgiji anaweza kuwa bado anasubiri biosimilari iliyotengenezwa nyuma ya nyumba yake, wakati sanduku lake liko njiani kuja kwetu. Sijaona mwagizaji hata mmoja mjini anayeitumia sheria hiyo kama hoja ya biashara, na kwangu huo ni uvivu.

Trastuzumab ya saratani ya matiti ndiyo mfano wa namna mambo yanavyoweza kwenda vizuri. Mwaka 2013 kampuni ya Roche, wenye dawa, waliacha kutetea breve zao India, na biosimilari ya kampuni ya Biocon ya hukohuko ikafuata kabla mwaka uliofuata haujasonga. Ulaya breve ilikwisha 2014, Marekani 2019. Desemba 2019 Shirika la Afya Duniani likaipa biosimilari ya trastuzumab, ya kampuni ya Samsung Bioepis, uthibitisho wake wa ubora, mara ya kwanza kwa biosimilari ya aina hiyo, na likaeleza kwamba kwa kawaida ni nafuu kwa asilimia 65 kuliko ya asili. Uthibitisho huo kwangu una uzito kuliko tarehe yoyote ya breve, maana si kila chupa yenye neno biosimilari imepita mtihani uleule. Zipo zilizopimwa sana, zipo zilizopimwa kidogo, na kisanduku hakitakuambia.

Baada ya hapo ndipo matatizo ya nyumbani yanaanza, na hayo yote hayana uhusiano na breve. Dawa itapata AMM, kibali cha kuuzwa, ya ACOREP, mamlaka yetu ya dawa, au la? Mwagizaji atakubali kuleta masanduku kumi, au anataka mia? Halafu kuna baridi. Sindano hizi zinataka nyuzi 2 hadi 8. Watu wanaogopa joto, na Oktoba hapa inawapa haki, lakini mimi naogopa zaidi barafu. Mwaka fulani msambazaji mmoja aliniletea sindano nne amezilaza moja kwa moja juu ya mapande ya barafu, kwa nia njema kabisa, safari ndefu kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Nilipofungua, kioo cha sindano mbili kilikuwa na ukungu na ndani kioevu kimeganda kama mafuta ya mawese asubuhi ya Juni. Kikiyeyuka kinaonekana safi kama maji. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu protini imeshavunjika na macho hayaoni. Nilizitupa zote nne, na sikurudishiwa hata franga moja.

Niruhusuni niseme la pembeni kidogo, maana linanikera. Dawa ya Ebola inayoitwa ansuvimab ilianzia kwenye damu ya mtu aliyenusurika Ebola Kikwit mwaka 1995. Ilijaribiwa hukuhuku nchini, Kivu ya Kaskazini, 2018 na 2019, katika jaribio lililoongozwa na Profesa Muyembe na watu wa INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, pamoja na Wamarekani. Iliruhusiwa Marekani 21 Desemba 2020. Ongeza 12: ulinzi wa data, Desemba 2032. Damu ya Kikwit, wagonjwa wa Beni na Butembo, na faili ambalo mtu mwingine haruhusiwi kuliegemea huko Marekani kwa miaka 12. Sheria haikuvunjwa popote. Ninakereka tu.

Mzee wa Katuba alipata adalimumab yake mwishowe, ya kutoka India, kupitia mwagizaji aliyekubali kuunganisha maagizo ya wagonjwa sita. Si rahisi kwa mstaafu, ila familia inachanga na inafika. Kila wiki mbili anakuja na kisanduku cha barafu cha mjukuu wake, kile cha kubebea juisi, na mimi naweka kitambaa kati ya barafu na sindano mbele ya macho yake.

Wiki iliyopita alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri nimalize kuandika, akaingia kijana mwenye ordonansi ya mama yake: pembrolizumab, saratani ya mapafu. Alinionyesha simu. Amesoma kwamba breve inaisha 2028. Nikaanza kumweleza taratibu: iliruhusiwa Marekani Septemba 2014, kwa hiyo miaka 12 ya data inafika Septemba 2026, hiyo 2028 ni ya breve kuu ya huko, na Septemba 2025 kampuni imepata ruhusa ya aina mpya ya kuchoma chini ya ngozi, ambayo inakuja na breve zake. Kijana akauliza, sasa mama asubiri 2028 au asisubiri?

Kabla sijajibu, mzee aliinua kichwa kutoka kwenye kisanduku chake.

"Mwanangu, muulize kwanza," akasema. "Hiyo 2028 ni ya wapi?"